Mbwa wa Kaka Alipona

Kwa miaka mingi mama aliwaambia watu wa kwetu Itetemia, nje kidogo ya Tabora, kwamba mimi nafuga panya. Hakusema hivyo kwa aibu wala kwa kujisifu. Mtu akimuuliza baada ya ibada, yule binti yako wa huko mashariki anafanya nini siku hizi, alijibu, "Anafuga panya," na habari ikaishia hapo, kwa sababu kila nyumba ya kwetu ina vita yake na panya wa ghalani, na hakuna aliyetaka kusikia kuna mtu anayewalisha kwa makusudi.

Hakuwa amekosea sana. Nafanya kazi kwenye maabara ya chuo, katika mji ulio kwenye reli ileile inayopita Tabora. Nawatunza panya weupe. Nawapa chakula na maji, nawabadilishia maranda, nawapima uzito, na nawashika wakati wa tiba. Panya hao hupandikizwa saratani chini ya ngozi ya ubavu. Uvimbe ukifika ukubwa wa punje ya harage, tunawanyoa pale ulipo na kuwalaza kwa dawa ya usingizi. Mkuu wetu anadunga dawa kidogo, anachomeka sindano mbili nyembamba, moja huku na moja huku, kisha anapitisha umeme. Ni umeme wa kufumba na kufumbua. Mguu wa panya unaruka, basi, imekwisha.

Mkuu wetu ni daktari wa mifugo, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Siku nilipoanza kazi alinieleza kwamba umeme wenyewe siyo dawa. Kila chembe ya uvimbe ina ngozi yake, dawa inagonga na hairuhusiwi kupita. Umeme unaifungua ile ngozi kwa muda mfupi mno, dawa inaingia, ngozi inajifunga tena, na dawa inabaki ndani ikifanya kazi yake. Nilipenda maelezo yale. Nilipenda pia kuona uvimbe ukinywea, asubuhi moja baada ya nyingine, hadi manyoya yanaota tena na ubavu unakuwa laini kama haujawahi kuwa na kitu. Haikuwa hivyo kwa wote. Wengine uvimbe ulirudi mkubwa kuliko mwanzo. Lakini mwisho wao ulikuwa mmoja, waliopona na wasiopona. Wakati ukifika tunawaua, bila maumivu, na mkuu anawafungua kuangalia maini na mapafu. Kuna jambo ambalo huwezi kulijua mpaka uone ndani.

Mwaka mmoja nilikwenda nyumbani Krismasi, na kaka yangu mkubwa akaniuliza habari za kazi. Kaka ana kibanda mtaa wa Ng'ambo, mjini Tabora, anatengeneza betri za magari na kufunga sola. Alikuwa mtu wa kwanza wa familia kuniuliza kazi yangu kwa undani, na nilifurahi. Tulikaa uani huku wengine wakila, akaniuliza umeme ni volti ngapi, sindano ni za chuma gani, chanya inakaa wapi na hasi wapi. Nilimjibu nilichokijua. Mama alikuwa kwenye kigoda pembeni, anasikiliza na kuondoa mawe kwenye mchele.

Kiangazi kilichofuata kaka akanipigia simu.

"Njoo umwone mama," alisema. "Kuna kitu anaficha, na mimi ni mtoto wa kiume, siwezi kumuuliza."

Niliomba ruhusa nikapanda treni. Nilipofika Itetemia nilimkuta mama anakata viazi vitamu vya michembe, akivianika kwenye turubai juani vikauke. Nilimwamkia, akaitika, "Marahaba mwanangu, karibu," na hakuinuka. Nikakaa chini karibu naye nikamtazama. Mama hatumii mkono wa kushoto kwa kitu chochote, alitulea hivyo, lakini siku ile kisu kilikuwa kushoto na viazi vilikatwa vinene upande mmoja na vyembamba upande mwingine. Mkono wa kulia alikuwa ameulaza mapajani. Ulikuwa umevimba mpaka kwenye vidole.

"Mama, mkono una nini?"

"Umechoka tu."

Nilisaidia kukata viazi vilivyobaki. Tulipomaliza nikamwambia twende ndani, akaja bila kubishana, na hilo lenyewe lilinitisha. Chumbani alifungua kanga yake taratibu, akiangalia dirishani. Titi la kulia lilikuwa limevutwa juu. Ngozi yake ilikuwa na vitundu kama ganda la chungwa, na chuchu ilikuwa imezama. Nilipomgusa kwapani nilikutana na vinundu vigumu, vimeshikana. Mikono yangu imezoea kupapasa uvimbe kila siku ya kazi. Ilijua kabla mimi sijataka kujua.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu kabla ya mvua."

"Mbona hukusema?"

"Halikuuma," alisema. "Kitu kisichouma utakisemaje kwa watu?"

Akafunga kanga yake vizuri, akaichomeka, kisha akakaa kitandani. Nilidhani ataniuliza kama atakufa. Aliniuliza kuhusu panya.

"Wale panya wako wenye uvimbe, wanapona?"

"Wengine wanapona, mama."

"Wakipona mnawapeleka wapi?"

Sikuwa nimejiandaa. Nilifikiria kudanganya, lakini mama alikuwa akinitazama usoni.

"Tunawaua," nilisema. "Ili tuangalie ndani kama umekwisha kweli."

Nje kuku walikuwa wamefika kwenye michembe, na kwa kawaida angeshapiga kelele kuwafukuza.

"Basi hao hawakupona," alisema. "Walingojeshwa tu."

Jioni kaka alirudi kutoka Ng'ambo. Nilimweleza nilichokiona, kwa maneno machache, kwa sababu alikuwa anatazama chini tangu nilipotaja titi. Alikubali kwa kichwa kama mtu aliyekwisha kuambiwa. Kisha akasema, "Njoo nikuonyeshe kitu," akanipeleka nyuma ya nyumba alikofungwa mbwa wake.

Mbwa yule nilimfahamu, dume la rangi ya udongo, mlinzi wa nyumba, limeanza kuzeeka. Mara ya mwisho nilipokuja lilikuwa na uvimbe kwenye paja la nyuma, wa ukubwa wa ndimu, linaulamba mchana kutwa. Kaka aligeuza mguu wa mbwa. Palikuwa na kovu, jeusi, kavu, lisilo na manyoya. Uvimbe haukuwepo.

"Umefanya nini?" nilimuuliza, ingawa nilikuwa naanza kuelewa.

"Ulichonieleza Krismasi."

Alikuwa amemfunga mbwa mdomo, akatumia betri na sindano, akarudia tena na tena kwa wiki kadhaa. Alisema mbwa alilia mwanzoni na baadaye akazoea. Uvimbe uligeuka mweusi, ukakauka, ukadondoka wenyewe kama ganda. Aliniambia yote hayo kwa utulivu. Nilimtazama usoni nikaona hakuwa akijivuna. Alikuwa na matumaini, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulijibu.

"Hukuwa unamtibu mbwa," nilimwambia.

"Nilikuwa najaribu kwanza kwa mnyama," alisema. "Si ndivyo mnavyofanya nyinyi?"

Aliuachia mguu wa mbwa.

"Mimi siwezi kuona kifua cha mama," aliendelea. "Haiwezekani. Lakini wewe ni binti yake na sindano umezizoea. Mimi nitashika betri nikiwa nje ya pazia. Wewe ndani utashika sindano."

Kesho yake nilimpigia simu mkuu wangu. Nilimweleza kila kitu, habari ya mama na habari ya mbwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ule uvimbe wa mbwa ulipimwa? Kuna mtu aliyejua ni uvimbe gani?"

"Hapana."

"Basi hatujui kilichopona ni kitu gani. Mbwa hupata uvimbe wa aina nyingi, na mwingine si saratani kabisa."

Akanieleza kwamba umeme wa betri unaopita polepole haufanani na wetu. Huo hutengeneza asidi kwenye sindano moja na kitu kama magadi makali kwenye nyingine, na vyote viwili vinachoma nyama, mbovu na nzima. Alikiri kwamba kuna watafiti waliowahi kujaribu njia hiyo kwa wanyama na uvimbe ukafa kweli. Nilitamani asingeniambia hilo. "Lakini wa mama yako umeshafika kwapani," alisema. "Utachoma kile unachokiona. Usichokiona kitaendelea na safari yake, na utakuwa umemwachia kidonda kisichofunga. Mpeleke hospitali, tena upesi."

Nilimrudishia kaka maneno yale tukiwa kibandani kwake Ng'ambo, katikati ya betri zilizofunguliwa. Jirani yake, mzee fundi cherehani, alisimamisha mashine yake ili asikie vizuri. Kaka alinisikiliza akifuta mikono kwa kitambaa.

"Huyo daktari wako amemwona mbwa?" aliuliza.

"Hajamwona."

"Mimi nimemwona."

"Kaka, mbwa mmoja si ushahidi."

"Na mama mkubwa?" alisema. "Yeye alikwenda hospitali kubwa. Alikatwa, akachomwa mionzi, akafanyiwa yote hayo. Alirudi vipi?"

Mama mkubwa, dada yake mama, alirudi kwenye sanduku. Sote tulikwenda stesheni kulipokea. Mzee fundi alishusha macho kwenye nguo aliyokuwa akishona.

"Sitashika sindano," nilimwambia kaka.

"Basi usiseme kwamba hakukuwa na njia. Sema hukutaka."

Tulirudi nyumbani kila mtu kivyake, yeye kwa baiskeli, mimi kwa bajaji. Mama alikuwa ameshajua kila kitu. Alikuwa amemwona mbwa akipona siku kwa siku, alimpelekea makombo mwenyewe. Nilipoingia jikoni alikuwa akisonga ugali kwa mkono wa kushoto, na mimi nikamshikia sufuria isiteleze.

"Kaka yako amekueleza," alisema.

"Amenieleza."

"Na umekataa."

"Nimekataa, mama. Si tiba ile. Itakuunguza tu."

Alisonga mara mbili tatu, akapumzika.

"Panya unawashika," alisema. "Mimi hunishiki."

Nilibaki nimeshika ile sufuria. Ilikuwa ya moto na nilikuwa nimesahau kitambaa, lakini sikuiachia mpaka alipomaliza. Hatukuzungumza tena siku ile, na wala siku zilizofuata hatukuzungumza habari hiyo. Tulizungumza mahindi na paa la choo. Kaka alikula kibandani kwake na kurudi kulala.

Aliyevunja ule ukimya ni mama. Asubuhi moja alituita wote wawili, akatukalisha kwenye mkeka barazani, yeye akakaa kwenye kiti. Alikuwa amevaa nguo za kanisani ingawa haikuwa Jumapili.

"Nitakwenda hospitali," alisema. "Lakini sikilizeni. Sitarudi kama dada yangu. Mkiona nimeshindwa, mnirudishe nikiwa napumua. Nataka niione Itetemia mwenyewe. Mnaahidi?"

Tuliahidi. Kaka aliahidi kwanza.

Hospitali ya Tabora walikata kipande kidogo cha uvimbe kikapelekwa kupimwa, na majibu yalipofika tuliandikiwa kwenda Dar. Tulipanga mama akae kwangu, karibu na Dar kuliko Tabora, ili awe anakwenda kutundikiwa dripu ya dawa ya saratani na kurudi. Kaka alitusindikiza stesheni. Alimbeba mama kumpandisha kwenye behewa, ingawa mama alikuwa bado anatembea, akamkalisha dirishani, akamfunika miguu kwa kitenge. Mimi aliniambia tu, "Safari njema."

Treni ilipoanza kutembea mama alifungua dirisha. Babu wa mama alikuwa mpagazi, na babu yake huyo pia, na mama alikuwa na hadithi zao nyingi, jinsi Wanyamwezi walivyobeba pembe na nguo hadi pwani na kurudi, mwendo wa miezi. Nilitegemea atanisimulia. Alitazama miombo ikipita, ambayo ilikuwa imekauka majani yote, na baada ya muda akasema, "Wao walikuwa wanajua mzigo ni wa nani." Kisha akalala.

Dawa ya dripu ilikuwa nyekundu. Mama aliiita rozela, kama juisi. Ilimtapisha, ikazifanya kucha zake nyeusi, na baada ya mara ya pili nywele zikaanza kubaki kwenye mto. Aliniambia nimnyoe zote. Nilimnyoa uani kwangu kwa mkasi na wembe, naye akakaa ameinamisha kichwa kama mtoto. Lakini uvimbe ulinywea. Nilikuwa namwogesha na kila nilipomwogesha niliupapasa, na vidole vyangu viliniambia ukweli: ulikuwa unapungua. Vinundu vya kwapani vilianza kuachana. Mkono ukapungua. Siku moja nilirudi kazini nikamkuta amekata mboga kwa mkono wa kulia. Nilimpigia simu kaka, nikampa mama aongee naye. Walicheka kitu fulani kwa Kinyamwezi. Kisha kaka akaomba simu irudi kwangu, akasema, "Asante," na nikakaa chini jikoni nikalia.

Wakati huo ndipo mama aliponiomba aone panya.

Mkuu wangu alikubali. Nilimvika mama koti jeupe na barakoa, kwa sababu kinga yake ilikuwa chini, nikamwingiza chumbani taratibu. Alisimama mbele ya vizimba kwa muda mrefu. Panya wa kundi lile walikuwa wametibiwa wiki hiyohiyo, kila mmoja ana kiraka cha ngozi ya waridi ubavuni.

"Kumbe nao mnawanyoa," alisema. Akapandisha mkono, akagusa kilemba chake.

Mkuu wangu aliingia, akamwamkia kwa heshima. Mama aliitikia, kisha akamuuliza swali alilokuwa nalo, nadhani, tangu Itetemia.

"Daktari, kwa nini mnaanzia kwao?"

"Ili tukikosea, mama, tukosee kwao kwanza. Tusikosee kwako."

"Na msipokosea?"

Mkuu wangu alitazama vizimba. Ni mtu mkweli, na nilimwona akitafuta neno.

"Hata tusipokosea, hawatoki humu," alisema.

Mama alitikisa kichwa. Hakukasirika. Aliinama akamtazama panya mmoja aliyekuwa akisafisha uso kwa mikono yake miwili, akasema neno la Kinyamwezi ambalo wanawake wa kwetu humwambia mtu aliyefiwa. Kisha akaomba tuondoke, miguu inamuuma.

Miguu ilikuwa inamuuma kweli, na mgongo, na sote tulidhani ni dawa. Halafu kikohozi kikaja. Daktari wa Dar alituonyesha picha ya kifua, akaniita mimi karibu na kuizungumza kwa sauti ya chini, kana kwamba mama hakuwa kwenye kiti cha karibu. Titi lilikuwa karibu safi. Mapafu yalikuwa yamejaa vinundu, na mifupa ya mgongo pia ilikuwa imeguswa. Alisema yumkini vilikuwa huko tangu mwanzo, vidogo visivyoonekana. Nilikuwa nimesikia maneno kama hayo kwa mkuu wangu kwenye simu, lakini nilikuwa nimeyatumia kumshinda kaka, sikuyafikiria kama habari ya mama yangu.

Tuliporudi kwangu mama alisema, "Mliahidi."

Tulimrudisha. Kaka alikuja mwenyewe kumchukua, na safari nzima alikaa amemwegemeza mama begani. Mvua zilikuwa zimeanza. Miombo ilikuwa imechipua, na kwenye vituo wanawake walikuwa wanauza uyoga. Mama aliomba uyoga. Kaka alishuka akanunua, akaupakata mpaka Tabora, na mke wake akaupika kwa karanga. Mama alikula vijiko viwili, akasema umepikwa vizuri.

Aliishi nyumbani mpaka mahindi yalipofika magotini. Siku za mwisho alilazwa barazani mchana, kwa sababu alitaka kuona watu wanaopita, na mbwa wa kaka alilala chini ya kitanda chake. Sikuweza kumzoea mbwa yule pale. Alikuwa mzima, ananenepa, anakimbiza kuku. Kila alipojinyoosha lile kovu lilionekana. Kaka aliniona nikilitazama, nami nilimwona akinitazama. Mama alifariki asubuhi, watu wote tukiwepo, na mchungaji alikuwa ametoka dakika chache kabla.

Baada ya mazishi, ndugu walipoanza kuondoka, nilimfuata kaka kibandani kwake. Nilitaka aseme lile neno la kunilaumu, liishe. Nilimkuta ameketi bila kazi.

"Unafikiri ningeshika sindano angepona," nilisema.

"Sijui. Nilikuwa nafikiri hivyo. Halafu nikafikiri angekufa mikononi mwetu, mimi na wewe, kwa betri yangu. Ningeishi vipi?" Akatazama betri zake. "Lakini sijui. Na wewe hujui."

"Ninajua kwamba ulikuwa umeshaenea."

"Umeshaenea, ndiyo. Hata dawa yenu haikuufikia."

Jirani fundi cherehani alitoka na kutupatia vikombe vya kahawa, akatupa pole tena, akarudi kazini kwake. Tulikunywa. Kisha kaka akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Wiki moja kabla ya mama kufariki alikuja mwanamke kutoka ng'ambo ya reli, ana uvimbe shingoni. Alikuwa amesikia habari za mbwa. Alikaa pale pale nilipokaa mimi, akafungua mtandio wake akamwonyesha.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia mimi ni fundi wa betri. Nikamwambia aende hospitali." Aliangalia ndani ya kikombe. "Alishukuru akaondoka. Nilimwambia vile nikitoka kumbeba mama chooni, na sikujua kama namwambia kweli au namfukuza tu."

Nilirudi kazini. Mkuu wangu alinipa pole, akaniuliza mengi kuhusu mama, na baada ya siku chache akaniuliza kuhusu mbwa. Yeye ni mtafiti, sikumlaumu. Alitaka kujua kama kaka angekubali mbwa aletwe, apigwe picha, apimwe damu, kikatwe kipande kidogo cha lile kovu. Alisema hatafanyiwa baya lolote. Nilimpigia kaka. Alisikiliza, akasema hapana, mbwa ameshachoka na sindano. Nilimshukuru moyoni na sikuweza kueleza sababu. Mkuu wangu nilimwambia tu kwamba mwenye mbwa amekataa.

Bado nawashika panya. Kuna wanaodhani ningeacha, na mimi mwenyewe nilidhani hivyo kwa muda. Dawa nyekundu iliyompa mama ile miezi ya kukata mboga kwa mkono wake wa kulia ilianzia kwa panya pia, mahali fulani, mikononi mwa mtu kama mimi. Hilo ni kweli, na halinipi usingizi. Siku ya kuwaua kundi lililopona, navaa glavu na kufanya kazi yangu, na jioni sili nyama.

Kaka hupiga simu Jumapili. Tunaongea habari za watoto wake na mvua. Juzi, kabla hatujaagana, akauliza ghafla, "Wewe umepimwa?"

"Kupimwa nini?"

"Unajua nini. Mama, na mama mkubwa. Wewe umepimwa?"

Sikuwa nimepimwa. Kwa miaka yote hii nimepapasa ubavu wa panya wasiohesabika, na sikuwahi kujipapasa mwenyewe bila kuacha katikati. Alisema kama siendi, atapanda treni aje anipeleke. Nilicheka, yeye hakucheka.

Nikaenda. Nesi alikuwa msichana mdogo kuliko mabinti ambao ningekuwa nao kama ningezaa. Aliniuliza kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuugua, nikamwambia wawili, akaandika. Mashine ya kupiga picha ya matiti ilikuwa ya baridi. Daktari alisema haoni kitu cha kumtia wasiwasi kwa sasa, nirudi mwakani, na kila mwaka. Nilimtumia kaka ujumbe nikiwa bado kwenye benchi la nje. Akajibu, "Sawa. Mwakani nitakukumbusha." Nikapanda bodaboda kurudi kazini, kwa sababu ilikuwa zamu yangu ya kubadilisha maranda.